Sita, Saba, Tisa

Nimetoka kwetu Tanga,
viyoyozi naviunga,
na uongo sikutunga:
haya ni ya ugenini.

Nizwa, ni mwezi wa saba,
jua halijui toba,
bomba lachemka, baba,
chai bila ya majani.

Biju, mwenzangu wa chumba,
akasema, "Shika bomba
la moto, acha kutamba;
ubaridi umo ndani."

Kweli, nikaoga raha,
nikatoka kwa furaha;
kupanda paa, karaha:
yai la kikaangoni.

Mpira wetu usiku,
saa nane kila siku,
pekupeku kama kuku,
mtoni, maji sioni.

Niliwekwa golikipa;
ngamia akanikwepa,
mguu wake katupa,
kafunga bao, jamani!

Refa akalikubali!
Nikapinga: "Si halali!"
Kanijibu, "Ni mahali
pake; wewe u mgeni."

Sasa hiki Kiarabu
nilidhani si taabu:
tunayo yao hesabu
tangu zamani lughani.

Sita, saba, nazo tisa,
ni zao zile kabisa;
ila nikitoa pesa,
moja sijui ni nini!

Mkate nilipotaka,
"Sita!" mimi naropoka;
nikabeba, nikachoka,
Biju hoi kichekoni.

Miswaki ninayo sita,
ndoo sita, nyundo sita;
kwa kinyozi nikajuta:
mara sita utosini.

Ijumaa, ni mapema,
Biju akasema, "Hima
tukatazame wanyama,
mnada upo sokoni."

Mbuzi wavutwa duara,
wazee wana bakora,
bei juu kila mara,
mikono i mfukoni.

Mmoja kanisogea,
kanena nisoyajua;
kwa adabu nikatoa
neno lililo kinywani.

"Sita!" Soko likazima.
Kamba nikapewa nzima,
na mwishoye kasimama
beberu wa kilimani.

Mshahara wangu wote
ukaenda, hata kete
haikubaki; nipite
na mbuzi barabarani.

Usiku akala shuka;
Biju kuja kuzinduka,
mkataba wageuka
vidonge vya kitandani.

Asubuhi, kwa tajiri,
mbuzi naye yumo gari;
hana wa kumsitiri,
amefukuzwa kambini.

Ndani kakaa mamaye,
kimya, buibui, yeye
na kikombe chake naye,
macho yake mlangoni.

Mlangoni kaja mbuzi;
kwa Kiswahili cha wazi
nikamwambia, "Azizi,
bibi atazama nini?

"Kakunja uso wa ndimu,
hata 'karibu' ni sumu;
kahawa yake adhimu
tunainusa puani!"

Bibi kaweka finjali,
akanitazama kweli:
"Mwanangu, una akili?
Mie mzawa Kojani!

"Hicho Kiswahili chako
kimepinda kama mwiko,
na huyo rafiki yako,
zulia limo kinywani!"

Ngazi ikaniponyoka,
Biju bure anacheka,
nilitaka kuzikika
mle mle zuliani.

Lakini alimimina,
akaniketisha tena,
na halua ya kunona,
tende tano sahanini.

"Wahidi," akanifunza,
"hapo ndipo pa kuanza;
sita wewe watangaza
kama upo mnadani!"

Mbuzi alimnunua,
bei nusu akatoa;
akakata ya zulia,
nikabaki na shukrani.

Sasa najua wahidi,
thinini, hadi zaidi;
ulimi ni mkaidi
nikifika tu dukani.

Jana nataka kofia,
mwenye duka kangojea,
Biju macho kafumbia…
Ninazo sita kichwani.